Kisu changu kina kibandiko cha "Zanzibar". Wajuzi wa visu vya kale, njooni mnisaidie

#1 · Mzaramo Ughaibuni

Wakuu, habari za Jumapili.

Niko Brussels mwaka wa tisa sasa. Kuna gulio la vitu vya zamani hapa, Place du Jeu de Balle, lipo kila siku asubuhi. Watu wanatandika blanketi chini wanamwaga vyombo vya marehemu: sahani, picha za harusi za watu usiowajua, kiatu mguu mmoja. Leo nilikwenda kutafuta birika, nimerudi na visu vitatu. Euro 140 vyote. Muuzaji anasema tu ni "vya Waarabu". Waarabu wepi, hajui.

Kisu A kimepinda. Ala ni ya shaba njano yenye nakshi, ina pete mbili, moja kila ubavu. Mpini umechanua juu kama mkia wa tausi. Nyuma ya ala kuna maandishi ya Kiarabu na namba 1349.

Kisu B kimenyooka, kirefu kama kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Mpini una umbo la herufi I kubwa: kipande kimekingama juu, kingine chini, katikati pamebana pa kushikia. Umefunikwa kitu cheupe, sijui mfupa au pembe ya ndovu. Kimefungwa uzi wenye kikaratasi kilichofifia, wino wa kahawia, kimeandikwa kwa Kifaransa: jambia la Zanzibar.

Kisu C ni chembamba, ubapa umejaa michoro iliyojazwa shaba, hakuna kikingio cha mkono, ala ni ya mbao.

Nilipoona hilo jina la Zanzibar nikaacha kubishana bei. Kwetu ni Kisarawe, lakini ukiwa huku hata Unguja ni mtaa wa pili.

Vinatoka wapi hivi? Picha hizo hapo chini.

#2 · chizi fresh

1349!! Kisu kilikuwepo kabla Vasco da Gama hajazaliwa. Uza kaka, poromosha ghorofa Kigamboni.

Na shemeji anajua umeingiza silaha tatu ndani?

#3 · Mzaramo Ughaibuni

Nimemwambia ni vya kukatia keki. Ananiangalia tu.

#4 · Bint Malindi

Hongera kaka. Hicho B ni chetu, rudisha nyumbani. Mzungu wa zamani aliyeandika kile kikaratasi alikuwa karibu na mambo kuliko sisi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na silaha ukutani, zikauzwa kwa bei ya maandazi.

#5 · FundiFeleji

Mzaramo, hongera na pole. Hongera kwa sababu hukuibiwa. Pole kwa sababu picha zako zote umepiga ubapa.

Nimeuza na kutengeneza vitu vya kale miaka 22, na kila anayeniletea kisu ananionyesha ubapa kwanza, kama mtu anayeonyesha jino la dhahabu. Ubapa ni msafiri. Chuma kizuri cha Ulaya kilikuwa bidhaa tangu zamani, kinashuka bandarini bila mpini na kila mji unakivika mpini wake. Panga likivunjika linakuwa kisu. Singe (kile kisu cha kuchomeka mdomoni mwa bunduki) ya mwanajeshi aliyekufa inakuwa kisu. Ubapa ukiniambia umetoka Ujerumani nitakuamini, lakini hujaniambia nani alikivaa kisu.

Nataka picha hizi: mpini kwa pande nne. Pale ubapa unapoingia kwenye mpini, kwa karibu. Mdomo wa ala. Nyuma ya ala, upande unaogusa nguo. Pete, kwa karibu sana, nione zimelika wapi. Na kwa B nataka mgongo wa ubapa, sio ubavu.

Tena tafadhali, usisugue kitu. Usipake ndimu, usipake majivu, usiguse msasa. Kuna watu wameua visu vya miaka 150 kwa nusu saa ya usafi.

#6 · Matrah Kwetu

Assalaam alaykum. Niko Muscat, asili yetu Wete. Niseme moja la haraka juu ya A kabla mtu hajaita hanjari ya Omani.

Hanjari ya huku inavaliwa katikati ya tumbo, mkandani. Pete za ala yake zinafanya kazi ya kushika mkanda, zimepangwa kwenye ile sehemu ya juu ya ala, kwa kawaida nne, na ile ya Kisaidi inayohusishwa na ukoo wa watawala ina saba. Na ala inapinda ghafla, karibu kama herufi L. Ya kwako ina pete mbili tu zilizotanuka kama masikio, na inapinda polepole. Hiyo haikai tumboni. Inaning'inia kwa kamba kutoka begani.

#7 · FundiFeleji

Umemaliza, ami. Kisu kinavaliwa mwilini, na mwili unajua kwao. Hiyo A ni kumiya ya Moroko. Kamba nene ya sufi au hariri inapita bega la kulia, kisu kinakaa ubavu wa kushoto. Mpini wa mkia wa tausi na zile pete mbili za masikioni havina mjadala.

Kazi iliyobaki ni kujua kama kilitengenezwa kivaliwe au kiuziwe mtalii, maana masoko ya Moroko yamejaa kumiya ambazo hazijawahi kukata hata tende. Chomoa. Je, kina makali kweli? Kumiya ya kuvaliwa ubapa wake unaanza karibu umenyooka, makali upande mmoja, halafu ukipinda unakuwa na makali pande zote mbili kuelekea nchani. Ya mtalii ni bati lililokatwa umbo, butu kote. Halafu ingiza ubapa kwenye ala utikise. Ukisikia njuga, wasiwasi.

#8 · Mzaramo Ughaibuni

Kina makali, na makali mawili yanaanza pale pale kwenye kona. Hakitikisiki. Pete zimelika upande wa juu, moja imebaki nyembamba kama waya. Nyuma ya ala nakshi zimefutika karibu zote, mbele ziko kali.

Ila maandishi yananishangaza. Mimi nimesoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu, herufi nazijua. Fundi huyu kaandika fe yenye nukta CHINI. Halafu baada yake kuna alama ninayoisoma fe nyingine, nukta moja juu. Nikiunganisha napata "al-fafiri". Ni mtu asiyejua kusoma alikuwa anaiga?

#9 · Ustadhi wa Ngamiani

Hapana ndugu yangu, usimvunjie heshima marehemu. Anajua kusoma kuliko sisi. Hiyo ni khati ya Kimaghribi. Huko Moroko na Aljeria walikuwa wanaandika fe kwa nukta moja chini, na kafu (ile qaf yenye nukta mbili kwetu) kwa nukta moja juu. Ukikuta msahafu wa zamani wa upande wa Magharibi utasoma ukurasa wa kwanza kwa jasho.

Basi soma tena: si fafiri, ni al-faqir. Fakiri. Fundi au mwenye kisu anajiita mja fakiri mbele ya Mola wake, ndivyo walivyokuwa wakitia sahihi. Jina linafuata baada ya hapo.

Na hiyo 1349 ni mwaka wa Hijria.

#10 · FundiFeleji

Shukrani Ustadhi, hilo la nukta nilikuwa nalijua nusu nusu.

Niongeze hapo hapo: Mzaramo, ile 1349 imeandikwa kwa tarakimu hizi hizi tunazotumia sisi hapa, si kwa zile za Misri na Omani. Hiyo nayo ni alama. Maghribi walishika umbo hili la tarakimu, Mashariki wakashika lile jingine. Mwaka wa Hijria kwa tarakimu za namna hii unakuelekeza Magharibi hata kama hujaona mpini.

Hesabu ya harakaharaka: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, jumlisha 622. 1349 inakupa 1930 na ushei. Moroko ilikuwa chini ya Wafaransa tangu 1912. Kwa hiyo babu wa Vasco da Gama apumzike.

#11 · chizi fresh

Ghorofa limekuwa banda la kuku.

#12 · Mzaramo Ughaibuni

Hahaha. Jina lenyewe baada ya "fakiri" limefutika, ni lile eneo linalogusa nguo.

Kwenye mpini wa A kuna kamkanda kembamba ka fedha, kina muhuri mdogo mno. Nimetumia lenzi ya simu: ni ndege, shingo ndefu, kama bata maji. Ni alama ya fundi?

#13 · FundiFeleji

Huyo bata maji ni wa serikali ya Ufaransa. Tangu 1893 walikuwa wanampiga kwenye fedha iliyoingia kutoka nje au isiyojulikana asili yake, ili iuzwe kihalali. Anakuambia kisu kilipita Ufaransa na kamkanda ni fedha kweli. Kuhusu alikotengenezewa hana habari.

Hilo la fedha si dogo. Kumiya nyingi zinazoitwa za fedha ni metali nyeupe ya shaba, zinki na nikeli, haina fedha hata chembe. Yako nyingi ni shaba njano na haijifichi. Nzuri kabisa za fedha zilikuwa za kusini, Sous na Tiznit, na sehemu kubwa ya wafua fedha wa kusini ile walikuwa Mayahudi wa Moroko, mpaka walipohama kwa wingi baada ya 1948.

A tumemaliza. B. Mgongo wa ubapa uko wapi?

#14 · Mzaramo Ughaibuni

Mgongo una kutu nene, mzee. Ila kuna kitu kama mikwaruzo kwenye mstari. Na ubapa wenyewe wa ajabu: mgongo mnene, halafu unashuka ghafla kuwa mwembamba. Ukiutazama kutoka nchani ni kama herufi T.

#15 · FundiFeleji

Nilikuwa nasubiri hilo neno T.

Chukua mafuta ya cherehani na mswaki wa zamani. Paka mgongoni, acha usiku kucha. Asubuhi futa kwa kitambaa cha pamba, kwenye mikwaruzo tumia kijiti cha meno, cha mbao, si sindano. Usiharakishe. Herufi zikitoka, niandikie zilivyo hata kama huzielewi.

#16 · Bint Malindi

Ami, shikamoo. Mbona naona unatupeleka Moroko na hiki pia? Kibandiko kimeandikwa Zanzibar. Mtu aandike Zanzibar bila sababu?

#17 · FundiFeleji

Marahaba mwanangu. Sababu ipo, ila si unayoidhani. Nijibu swali langu kwanza: kinaitwaje?

Kiswahili si maskini wa majina ya vyuma. Tuna upanga wa feleji, mrefu, makali mawili, umenyooka (jina langu humu nimeliiba huko). Tuna upanga wa imani, mfupi kuliko huo, wenye mpini wa msalaba. Tuna jambia, hanjari, sime. Wazee wetu walitofautisha mpaka aina za majembe. Kisu chenye mpini wa herufi I kingevaliwa mjini Zanzibar na waungwana, kikakosa jina midomoni mwa watu? Taja jina lake, tuendelee.

#18 · Bint Malindi

Nimemuuliza bibi. Hana jina lake. Kasema "hicho kama kinu cha kutwangia kilicholala".

Lakini sijakubali.

#19 · Mjukuu wa Paioni

Samahani kwa kuingilia uzi. Nipo Mwanza. Babu yangu alikuwa paioni (askari wa kazi za mikono) vita ya pili ya dunia, walipelekwa mpaka Misri, wakapandia Sudani. Alirudi na kisu kifupi, ala ya ngozi yenye magamba, ina kitanzi cha ngozi iliyosokotwa. Ukoo mzima tunakiita "kisu cha Misri". Mpini mti mweusi, umebana katikati kama kigurudumu cha uzi. Je, nacho ni cha Moroko?

#20 · FundiFeleji

Usiombe samahani, lete picha ya kitanzi. Kinatosha mkono wa mtu sehemu gani?

#21 · Mjukuu wa Paioni

Nimejaribu sasa hivi. Kwenye kigasha kinalegea kinashuka. Juu ya kiwiko, hapa kwenye msuli, kinakaa barabara.

#22 · FundiFeleji

Basi babu hakukinunua Misri, alikinunua njiani. Hicho ni kisu cha mkono cha Sudani. Kinavaliwa mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Na ngozi ya magamba, ya mamba au kenge, ni pendo lao kabisa.

Watuareg wa Sahara nao wana kisu cha mkono, telek, na huwa vinachanganywa. Lakini wao wanakivaa kwenye kigasha, kando ya mkono, mpini ukielekea kiganjani, na mpini wenyewe ni wa umbo la msalaba. Kwa hiyo mtu akikuletea kisu chenye kitanzi, mwambie akivae. Mkono utamjibu.

Kitunze. Kisu chenye hadithi ya mwenyewe kina thamani kuliko vitatu vya gulioni. Andika jina la babu na njia aliyopita, weka pamoja na kisu.

#23 · Mjukuu wa Paioni

Mzee umenigusa. Babu alifariki 1988. Nilikuwa nakitumia kufungulia magunia. Naacha leo.

#24 · Mzaramo Ughaibuni

WAKUU. Nimechelewa kazini lakini lazima niandike.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Kutu ikalainika ikatoka nyeusi kama masizi. Chini yake kuna mwandiko, si muhuri, ni mwandiko wa mkono wa kulazwa, mzuri kama wa mwalimu wa zamani, umekatwa kwenye chuma. Mwanzo umefichwa na shaba ya mpini. Unaosomeka ni huu:

"...d'Armes de St. Étienne" halafu mwezi sijaupata vizuri, halafu "1878".

Mimi nilidhani fundi wa Unguja kajiandika!

#25 · FundiFeleji

Hiyo ni singe ya bunduki ya Gras, modeli ya 1874 ya jeshi la Ufaransa. St. Étienne ni kiwanda cha silaha cha serikali yao. Walikuwa wanaandika kiwanda, mwezi na mwaka kwenye mgongo kwa mwandiko huo huo wa kulazwa. Ubapa wa singe nzima una karibu sentimita 52, sehemu yake ya kukatwa ni umbo la T kama ulivyoona. Wako umefupishwa.

Tahadhari: huo ni mwaka wa ubapa, si mwaka wa kisu. Kisu hakiwezi kuwa kimezaliwa kabla ya 1878. Baada yake miaka mingapi, ubapa hausemi. Singe ilitumika, ikachakaa au ikapotea vitani, ndipo fundi akaipata.

#26 · Bint Malindi

Haya, sasa ami nimekukamata. Umesema mwenyewe ubapa ni msafiri. Bunduki za Gras zilifika mpaka Uhabeshi, jeshi la mfalme Menelik lilikuwa nazo kwenye vita vya Adwa 1896. Kama singe ya Gras ilifika Uhabeshi, ishindwe kufika Zanzibar, bandari ya dunia nzima? Mfaransa si hoja.

#27 · FundiFeleji

Mwanangu, hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote kwenye uzi huu, na uko sahihi. Mfaransa si hoja. Kwa ubapa peke yake kingeweza kuwa cha Zanzibar, cha Djibouti, cha Dakar. Ndiyo maana narudi kwenye mpini kama mbuzi kwenye mti wake.

Mpini huu wa herufi I, wa mti au mfupa na shaba njano, ubapa ulionyooka bila kikingio, unajulikana Moroko, una jina Moroko: sboula. Singe za Gras kwenye sboula ni jambo la kawaida mno, mpaka wakusanyaji wa silaha za kale wakiona T wanacheka. Mfaransa Charles Buttin aliyetumia maisha yake kwenye silaha hizi, maandishi yake juu ya majambia na panga za Moroko yalichapishwa 1939, na humo kisu hiki kiko kwao.

Sasa Zanzibar iliingiaje? Kwa kunakili. Karne ya 19 Auguste Demmin alichapisha kitabu cha silaha za dunia chenye michoro, na chini ya mchoro wa kisu cha namna hii akaweka Zanzibar. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza, akatoa kitabu chake cha panga 1884, akaubeba mchoro na jina. Huyu ni Burton ambaye 1857 alikuwa Unguja kwa miguu yake, anawajua Waarabu wa mji kwa majina, na bado aliamini kitabu cha mwenziwe kuliko macho yake. Baada ya hapo nani atabisha? Burton kasema! Wauzaji, wakusanyaji, na waandika vibandiko wakaendelea mpaka karne ya 20.

Aliyeandika kikaratasi chako hakuwa karibu na mambo. Alikuwa karibu na kabati la vitabu.

#28 · Matrah Kwetu

Subhanallah, sboula. Unajua neno hilo ni lipi? Sunbula. Suke la nafaka. Ndiyo ile Sumbula ya buruji zetu, baada ya Asadi na kabla ya Mizani. Wamoroko wanameza ile nuni wanasema sbula. Kisu kilichonyooka, chembamba, chenye ncha: suke. Wamekiita vizuri.

#29 · Bint Malindi

Mimi nyota yangu Sumbula.

Sawa. Nimekubali kwa hasira. Bibi anacheka, anasema "kinu" ilikuwa dalili tosha.

#30 · chizi fresh

Kwa hiyo jambia la Zanzibar ni la Moroko, ubapa ni wa Ufaransa, kaliuza Mbelgiji, kanunua Mzaramo. Hiki kisu kinahitaji pasipoti nne.

#31 · Mzaramo Ughaibuni

Na ule weupe wa mpini? Kama ni ndovu naogopa hata kukaa nacho.

#32 · FundiFeleji

Uoga wako una akili. Tazama kwa lenzi, kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vitone vidogo vyeusi na vistari vifupi kama mtu kachoma kwa sindano, huo ni mfupa: ni vijitundu vya mishipa ya damu, uchafu umeingia. Pembe ya ndovu haina vitone. Ukiitazama pale ilipokatwa kukingama ina mistari inayopishana kama wavu, imepinda kama upinde. Plastiki haina hiki wala kile, na inakuwa ya vuguvugu mkononi upesi.

Ikiwa ni ndovu au kifaru usikitume kokote, usikiweke kwenye begi la safari, na usije nacho Dar ukidhani umri wake utakuokoa. Kuna vibali vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), na forodha hawataki hadithi ya Burton.

#33 · Mzaramo Ughaibuni

Vitone vipo. Vimejaa. Alhamdulillah, ni mfupa.

#34 · Mwana Kivu

Jirani, na mimi niko hapa Brussels, Matonge. Kisu C uniachie nikitazame kwa macho, nimeona kama hicho kwa rafiki yangu Mkabyle. Babake alikuwa nacho ukutani, anakiita kwa jina la kabila lao.

#35 · FundiFeleji

Huyo rafiki ndiye mwalimu. C ni flisa, ya Wakabyle wa Aljeria, na jina limetoka kwa Iflissen, kabila la pwani ya Kabylia.

Kwa kweli C ndicho kilichonifanya nisilale. A na B unavitambua kwa mpini na uvaaji, lakini flisa ni pekee ninayoiamini kwa ubapa, maana hawa walifua wenyewe. Ufuate ubapa kwa kidole, Mzaramo, kwa upande usio na makali: mgongo umenyooka kama rula. Sasa fuata makali. Yanaanza membamba karibu na mpini, yanatoka tumbo, kisha yanapungua taratibu mpaka ncha inakuwa ndefu kama sindano ya kushonea magunia. Ncha ile ilikuwa na kazi. Michoro ubavuni imechimbwa kwa patasi ndogo ikajazwa shaba njano kwa kugongwa. Mpini hauna kikingio, na kichwa chake mara nyingi kinaishia kama kichwa cha mnyama. Wengine wanaona ngamia, wengine mbwa. Mimi kwenye chako naona mbuzi mwenye huzuni.

Ala ni vipande viwili vya mti vilivyofumbatwa kwa mikanda ya shaba. Flisa zipo za urefu wote, kutoka kisu cha mkono mpaka upanga wa mita. Algiers ilianguka 1830 lakini Kabylia Wafaransa hawakuimaliza mpaka 1857, na baada ya hapo askari wengi walirudi kwao na flisa begani. Ndiyo maana Ulaya zimejaa.

Pitisha ukucha juu ya shaba iliyojazwa. Ukihisi kidogo tu mpaka kati ya shaba na chuma, ni kazi ya mkono. Zikiwa zimepakwa juu juu kama rangi, turudi kwenye mazungumzo ya keki.

#36 · Mzaramo Ughaibuni

Ukucha unakwama. Sehemu tatu shaba imetoka kabisa, pamebaki vijishimo, na ndani ya vijishimo kuna alama za patasi.

#37 · FundiFeleji

Basi usiguse. Acha na mapengo yake.

#38 · njoo inboksi

Mkuu bei gani vyote vitatu? Kuna mteja serious Dubai, njoo inboksi tuyajenge.

#39 · FundiFeleji

Mzaramo, usiende.

#40 · Mzaramo Ughaibuni

Siendi popote mzee.

Leteni niwape la mwisho. Leo asubuhi nimerudi gulioni. Yule muuzaji yupo, blanketi lile lile. Nikamuuliza vile visu alivitoa wapi. Kasema nyumba moja ya mzee aliyefariki Ixelles, mwalimu mstaafu, nyumba imejaa vitabu mpaka chooni. Akainama akatoa sanduku jingine. Ndani kuna sboula nyingine, mpini wa mti, imevunjika ncha. Uzi ule ule. Wino ule ule wa kahawia. Zanzibar.

Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuokoteza: bwana, hii si ya Zanzibar, ni ya Moroko. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza mimi natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akacheka, akaokota kile kikaratasi akakisoma kwa sauti, halafu akaniambia kwa kuwa ni ya kwetu bei ni euro 220.

Nimekiacha. Kile changu kikaratasi cha zamani sijakitoa. Nimefunga kingine kando yake, kwa kalamu ya risasi: sboula, Moroko, ubapa St. Étienne 1878.

#41 · Bint Malindi

Andika na jina la bibi. "Kinu kilicholala."

#42 · Mzaramo Ughaibuni

Nimeandika.

#43 · chizi fresh

Na birika?

#44 · Mzaramo Ughaibuni

Birika bado.